Kiti cha Milansi na Ziwa la Thomson

Joseph Thomson alikuwa na miaka 21 pale kiongozi wake, Keith Johnston, alipofia Behobeho mwaka 1879 na kumwachia msafara mzima. Mwaka uliofuata alipita Ufipa, akalitazama Ziwa Rukwa kutoka milimani, akaliita Leopold. Kitabu chake, To the Central African Lakes and Back, kilitoka London mwaka 1881. Ninakisoma kwa ajili ya tasnifu yangu, na ni kitamu kweli. Kijana ana ucheshi, hachoshi. Utamu huo ndio unaonitia wasiwasi, maana unamfanya msomaji asimame naye juu ya mlima na kuona anachokiona yeye tu.

Kutoka juu, ziwa ni mandhari. Ukiwa Kaoze, chini bondeni, ziwa ni samaki, ni matope, ni maji yanayosogea mbele mwaka huu na kurudi nyuma miaka mingine. Jina la Leopold halikudumu. Waliokuwa wakivua huko hawakuwa na haja nalo.

Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma, yuleyule ambaye pamoja na Susi walifikisha maiti ya Livingstone pwani mwaka 1874. Thomson anamsifu. Lakini kusifiwa si kusimulia, na kitabuni Chuma anabaki mtu wa kusifiwa.

Sasa weka kando yake simulizi ya Wafipa wenyewe, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliiandika na kuichambua katika karne ya 20. Mfalme wa Milansi yuko mawindoni. Wanawake wageni wanafika, wanamkuta mkewe, wanakalia kiti cha enzi. Mfalme anarudi. Hapo ndipo simulizi hii inapomshinda Thomson: mwenye nyumba anarudi na kuzungumza. Mwisho wake wageni, mama zao watawala wa Twa, wanachukua utawala. Milansi inabaki na kijiji chake na heshima ya ukuu wa kwanza. Kuna hasara, lakini imetajwa kuwa hasara, na aliyeipata ana jina lake.

Sisemi simulizi hii ni safi. Nayo iliwafaa waliotawala, kwani inageuza unyang'anyi kuwa makubaliano. Ila hata watawala hao hawakuthubutu kusema nchi ilikuwa tupu. Hadithi za Marekani ya Magharibi, za magari ya kukokotwa na ng'ombe na uwanda usio na mtu, zilithubutu.

Wasukuma nao wameteremka na ng'ombe wao hadi bonde la Rukwa, na mabishano ya malisho na mashamba yanaendelea. Ningependa kusoma safari hiyo ikiandikwa na mchungaji, kisha na mkulima aliyemkuta. Na kabla ya hapo ningependa mtu atupe mke wa mfalme wa Milansi. Ndiye pekee aliyekuwepo nyumbani wageni walipobisha hodi, na simulizi inamkumbuka kwa kuachia kiti tu.