100% ya watoto gani?

Wenzangu, kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yanapotoka, hapa Bukavu mambo ni yale yale. Shule inabandika asilimia yake ku mlango: 100%, 96%, 80%. Picha zinapita ku WhatsApp, na jirani anasema: « Unaona? Masomo ya serikali ilikufa. » Sisi wenye diplome tunakubali haraka, ju wengi wetu tukipata kakazi, jambo la kwanza ni kutoa mtoto ao mdogo wetu ku shule ya serikali na kumpeleka ku prive.

Mimi naomba tukosoe ile asilimia kwanza, mbele ya kukosoa shule.

Nilisoma kilimo. Kwetu, mtu akisema shamba lake limezaa vizuri, tunamuuliza: ulipanda mbegu ngapi, na ku udongo gani? Akipanda mbegu 120 za maharage, zikabaki 30, halafu akanionyesha maganda mazuri ya zile 30, sitamsifu. Nitauliza zile 90 zilienda wapi.

Asilimia ya TENAFEP, ile siku hizi inaitwa ENAFEP, inahesabu tu watoto waliofika ku mtihani. Walioingia mwaka wa kwanza na kupotea njiani haiwajui. Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Shule A, ya prive, inapokea watoto 120. Miaka inapita, wenye points kidogo wanaambiwa wazazi wao watafute shule ingine, wasiolipa wanabaki nyumbani. Wanafika ku mtihani 30, wanapita wote 30: asilimia 100. Shule B, ya serikali, inapokea pia 120. Wanafika 80, wanapita 64: asilimia 80. Ku mlango, A imeshinda. Lakini kwa watoto 120, A imefikisha 30, ni robo, na B imefikisha 64, zaidi ya nusu. Tena wale walioambiwa na A watafute fasi ingine, mara mingi ni B inayowapokea.

Swali la udongo nalo tunalisahau. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 maneno hayo yalibaki ku karatasi, na wazazi waliendelea kulipa prime ya walimu kama tangu miaka ya 1990. Mwezi wa kenda 2019 masomo ya bure yakaanza kweli. Nani aliingia ku kalasi? Ni wale waliokuwa inje: mtoto wa mama anayebeba mizigo, mtoto anayeanza mwaka wa kwanza akiwa na miaka 9, mtoto anayesema Mashi nyumbani, Kiswahili ku njia, na Kifaransa anakikuta ku ubao. Ukiongeza watoto kama hao, wastani wa shule unaweza kushuka bila mtoto hata mmoja kurudi nyuma. Kinachobadilika ni hesabu ya nani amekaa ku banki. Mtu anayesema « zamani shule hii ilikuwa nzuri » akumbuke kwamba zamani hiyo watoto hawa hawakuwa ndani.

Tuwafuate walioanza mwaka huo wa 2019. Kufika mwezi wa tatu 2020, Korona ikafunga shule zote za inchi. Mwaka 2021 kukawa migomo ya walimu. Kwa asiyerudia mwaka, ya sita ilikuwa 2024-2025: mwaka huo ulianza na mgomo wa walimu hapa Kivu ya Kusini, na mwezi wa pili 2025 M23 ikachukua mji. Ukitaka kulinganisha mtoto huyo na yule wa mwaka 2015, sema kwanza ni siku ngapi kila mmoja alikaa mbele ya mwalimu.

Sisemi shule ya serikali iko sawa, hapana. Banki ya Dunia inakadiria kwamba ku watoto 100 wa Kongo wenye miaka 10, 97 hawawezi kusoma andiko rahisi na kulielewa. Namba hiyo inagusa hata wale tunaowapigia makofi. Kuleta watoto bila kuongeza vyumba, banki na walimu wanaolipwa, ni kama kupanda mara mbili ku shamba lile lile bila mbolea. Lawama hiyo iende kwa serikali iliyofungua mlango bila kupanua nyumba. Mwalimu aliyebaki peke yake mbele ya kalasi iliyojaa hadi ku dirisha asiibebe yeye.

Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Lakini kila shule iko na rejista ya wito, inayoandikwa kila asubuhi, na komite ya wazazi ina haki ya kuuliza iliyomo. Mwenye mtoto ao mdogo ku shule ya Kadutu, Ibanda, Bagira ao Kasha, ku mkutano ujao wa wazazi aulize: miaka sita iliyopita waliingia wangapi, wavulana na wasichana? Ku hao, wangapi wamefika ya sita? Wangapi walitoka shule ingine, ao walikimbia vita? Ku kalasi moja wako wangapi? Walimu wangapi hawako ku listi ya mshahara?

Shule ya prive nayo iulizwe vile vile, na ikibandika 100% ibandike pia hesabu ya walioanza. Mzazi wa Kadutu anayeuza mbuzi ju ya kukimbia shule ya serikali ana haki ya kuona namba zote mbili mbele ya kulipa.