Baba, mshirika ao mkwe? Tukisoma tena «Bana Shaba» ya Dibwe dia Mwembu

«Kazi njo baba, kazi njo mama.» Hapa Kolwezi, mtu aliyekomalia kambini, iwe Musonoi, Luilu ao Kapata, anajua maneno hayo toka utoto. Yalisemwa juu ya Union Minière, kisha juu ya Gécamines. Mwaka 2001, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwana-historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa Paris, kwa L'Harmattan, kitabu ambacho jina lake linafanana sana na usemi huo: Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema, wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Kinaeleza maisha ya familia ya mfanyakazi wa Katanga toka 1910 mpaka 1997. Kitabu si cha leo. Lakini hapa tunazungumzia desturi zetu, na kuita kampuni «baba» ni desturi pia. Kila desturi inastahili kupimwa: inatulinda, ao inatufunga?

Tuanze na sifa, sababu mwandishi anazistahili. Wengi walioandika juu ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, walihesabu tani. Dibwe yeye aliingia nyumbani. Anaonyesha namna gani, mwanzoni, wanaume walikuja kwa muda mfupi na kurudi kwao, na namna gani toka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mwendo: kontra ya miaka mitatu, mke aje kambini, nyumba, posho ya kila juma, hospitali, masomo ya watoto. Kampuni ilitaka mfanyakazi atulie, na ili atulie ilijiweka mahali pa wazee wake. Ndani ya nyumba, mume naye akawa baba mdogo chini ya baba mkubwa. Sauti yake ilisimama juu ya mshahara. Mshahara ulipopotea, mama aliingia sokoni, watoto wakatafuta chao, na sauti ya baba ikapungua mezani. Ni wasomaji wengi wa mji wetu watakaojitambua katika kurasa hizo.

Na kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa mchezo. Serikali ilikuwa imechukua Union Minière tarehe 1 Januari 1967. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450 000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990, mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 2003, kampuni ilitoa chini ya tani 20 000. Mwaka huo huo ilianza ile operesheni ya «départs volontaires» kwa feza ya Benki ya Dunia: wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka, wengi wao wakidai mishahara ya miezi mingi. Walijiunga katika kolektifu, wakapiga hodi kwenye ofisi na mahakama kusema kwamba hesabu haikufanywa sawa. Kitabu kilikuwa kimeshatoka mbele ya mambo hayo, lakini jina lake lilikuwa limeshayaeleza.

Hapa njo tunaachana kidogo na kitabu, ao tuseme na usemi ule kilichoubeba. Neno «baba» lina shida mbili.

Ya kwanza: mtoto hadai, mtoto anaomba. Kati ya baba na mwana hakuna hesabu inayowekwa mbele ya mashahidi. Posho, nyumba, shule, yote yanaonekana sawa mapendo, kumbe yalikuwa sehemu ya malipo ya jasho. Kwa hiyo siku baba anapokimbia, mtoto analia kilio cha yatima. Aliyelia hivyo husahau kwamba yeye ni mwenye deni lake mkononi, na kwamba deni halilipwi na machozi. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Wale wa «départ volontaire» walipoenda mahakamani walikuwa wanafunza neno jipya: si yatima, ni wadai.

Ya pili ni nzito zaidi. Baba mmoja mwenye watoto wengi na sahani moja analeta wivu. Nani mwana wa kweli, nani wa kuja? Mwaka 1992 na 1993, hapa Kolwezi na Likasi, jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa; watu waliofanya kazi katika mgodi mmoja na kusomesha watoto katika shule moja walijikuta kwenye stesheni ya treni na vitu vyao. Wanasiasa walichochea, ni kweli. Lakini moto hauwaki pasipo kuni. Miaka mingi kila mmoja wetu alikuwa amefungwa kwa kampuni kama kwa kamba, na kati yetu sisi kwa sisi kamba ilikuwa nyembamba. Tulikuwa na baba, hatukujenga undugu. Kosa hilo haliwezi kuandikwa juu ya mgongo wa kampuni peke yake.

Leo «baba» ameachwa, neno jipya ni «partenaire», mshirika. Lilikuja na Kode ya Madini ya 2002 na makampuni ya ubia yaliyofuata. Linasikika vizuri, linafaa katika hotuba. Lakini mshirika ni nani kwa kijana anayeamka saa kumi ya asubuhi kungoja bisi ya kampuni? Mara nyingi hafanyi kazi kwa ile kampuni kubwa ambayo jina lake liko kwenye lango. Ameajiriwa na sutretansi, kampuni ya katikati, kwa kontra fupi. Mwaka 2021, RAID ya Uingereza na CAJJ ya hapa Kolwezi walionyesha kwamba, katika migodi mitano mikubwa waliyochunguza, zaidi ya nusu ya wafanyakazi walipitia njia hiyo. Na mwaka 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa majumbani mwao kandokando ya migodi, hata ndani ya Cité Gécamines yetu. Baba wa zamani alijua jina la mtoto wako hospitalini. Mshirika wa leo hakujui hata wewe. Wa kwanza alitupa ukaribu pasipo haki. Wa pili anatupa karatasi pasipo ukaribu.

Basi tuseme nini? Tunaona desturi yetu ina neno la tatu ambalo kitabu hakikulitumia: buko, ukwe.

Shaba na ukwe vinajuana toka zamani. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958, wataalamu walikuta misalaba midogo ya shaba pamoja na marehemu. Misalaba hiyo ilitembea kama feza, na katika Katanga watu walioa nayo. Kwa hiyo, mbele ya kuwa tani, shaba ilikuwa kitu kinachopita kutoka mkono wa ukoo mmoja kwenda mkono wa ukoo mwingine, mbele ya macho ya watu, ili koo mbili zisiwe tena wageni.

Tuangalie buko inavyofanya kazi. Mkwe hajifanyi baba yako. Anakuja kama mgeni, na mtu wa katikati, na anasema wazi anataka nini. Kunahesabiwa, kunabishaniwa, hata siku mbili, na hakuna anayeona haya. Mashahidi wanasikia. Mahari haimalizi maneno, inayafungua: mkwe atarudi kwenye ndoa, kwenye ugonjwa, na zaidi kwenye kilio. Mkwe asiyeonekana kwenye kilio, hata kama alilipa yote, amevunja buko. Na bibi-arusi haachi kuwa mtoto wa kwao. Akiteswa, wazee wanasimama na kwenda kuuliza. Hivyo udongo wetu na vijana wetu: wametolewa kwa heshima, hawakuuzwa.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe imekaribia neno hilo bila kulitafuta. Kode iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Kifaransa kinaita hiyo «dotation», na vyombo vinavyoisimamia, ambamo kampuni na wenyeji wanakaa pamoja, vinaitwa kwa kifupi «DOT». Na hapa kwetu, kila mtu anajua «la dot» ni nini: ni mahari! Kisha kuna «cahier des charges», daftari la ahadi ambalo kampuni na jamii wanasaini kwa miaka mitano. Viko basi: mahari iko, mapatano yako. Kinachokosekana ni adabu ya buko yenyewe.

Msomaji atatujibu kwamba hata mahari huliwa. Ni kweli, na sisi njo tunaila. Kuna mjomba anayepokea mbuzi wote na kurudi kwake usiku. Kuna mukubwa anayesaini kwa niaba ya kijiji ambacho hakujua kama kuna kikao. Desturi inajua dawa ya ugonjwa huo: mahari hupokelewa mchana, mbele ya akina mama pia, na kila kitu kinatajwa kwa sauti. Mjomba anakula peke yake paka pale ambapo hesabu ilifanywa pembeni.

Kwa hiyo, bila kungoja mtu wa Kinshasa ao wa Beijing, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila daftari la ahadi lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, katika mtaa linalouhusu, kusudi mama anayeuza bukari asikie kilichoandikwa kwa Kifaransa juu yake. Pili, kampuni irudi kila mwaka mahali pale pale, ikiwa na watu wenye majina na uwezo wa kujibu, kusema: tuliahidi hiki, tumefanya hiki, hiki bado. Tatu, mfanyakazi wa sutretansi akiumia ao akifa, ile kampuni kubwa ionekane nyumbani kwake. Haitoshi kutuma bahasha.

Profesa Dibwe alituandikia historia ya wana walioachwa, na tunamshukuru: pasipo kitabu chake tusingejua tulitoka wapi. Lakini wanafunzi tunaowafunza leo hawakuzaliwa na Gécamines. Wamezaliwa na wazazi wao, katika udongo ambao wengine wamekuja kuuposa. Tuwafundishe kukaa kwenye mkeka wa mapatano, kuhesabu vizuri, na kuheshimu mgeni anayeheshimu. Anayekuja kuchukua shaba yetu tumpokee kama mkwe, na tumdai kama mkwe.