Tundu katika hesabu ya Tippu Tip

Wandugu, sisi watu wa Kasongo tuna kitabu cha manunuzi na usafirishaji kilichoandikwa na mtu aliyefanya biashara hapa hapa kwetu, na wengi tunakijua kwa jina tu: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alikiandika kwa Kiswahili akiwa mzee huko Zanzibar. Mjerumani Heinrich Brode akakichapisha Berlin 1902 na 1903, baadaye Whiteley akakitia katika Kiingereza. Anayesoma mambo ya ugavi akisome, lakini na kalamu mkononi.

Nisifu kwanza panapostahili. Jamaa alijua makuta. Hafichi kwamba mtaji haukuwa wake: mali alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Safari yake ndefu ilikula kama miaka 12, akarudi pwani 1882. Deni la miaka 12, muwaze! Vitambaa na baruti vinatoka pwani, vinapita Tabora na Ujiji, vinavuka ziwa, Kabambare, ndipo Kasongo. Kila kituo kuna watu wa kulisha, na pembe zinarudi njia ndefu ileile. Kwamba muda nao ni gharama, sijaona TFC inayolionyesha vizuri kuliko yeye.

Shida njo iko kwenye kununua. Baada ya kumpiga Nsama wa Itawa, anaandika kwamba alipata pembe frasila 1,950. Kipimo kamili, kama karani wa depo. Tupige hesabu wenyewe: frasila ni karibu kilo 16, basi ni tani 31 hivi, mzigo wa lori moja kubwa la leo. Mpagazi akibeba frasila mbili, ni vichwa 975, bila wale wa kubeba chakula. Walilipwa nini? Wangapi walifika? Pembe ina namba, kichwa kilichoibeba hakina. Wapagazi tunawaona vizuri pale wanapokuwa hasara: Wazaramo walipotoroka, anasimulia kwa raha kabisa alivyowasaka na kuwatia minyororo.

Utetera ndio nilicheka, halafu nikanyamaza. Anasikia kwa mateka habari za mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyechukuliwa zamani, anafika kwa mfalme mzee na kujitangaza kuwa mjukuu, anapewa utawala pamoja na pembe. Bei ya manunuzi: hadithi moja. Mbele ya msomaji hana aibu hata kidogo, na kwa mwandishi huo ni uhodari. Lakini kwa mtu wa hesabu, mali iliyopatikana hivyo haina bei ya kununulia, basi faida yake haipimiki.

Kumbe gharama za kubeba alizijua sana, pale mlipaji alipokuwa mwingine. Mwaka 1876, karibu na Kasongo, alipatana na Stanley amsindikize vituo 60. Stanley anaandika dola 5,000, na Tippu Tip mpaka uzeeni analalamika kwamba hakulipwa alichoahidiwa. Mwaka 1887 akaahidi wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Wakachelewa, hawakutimia, na Waingereza wanasema alidai mizigo ipunguzwe uzito ndipo watu waondoke. Anajitetea kwamba Stanley hakuleta baruti. Sitaki kuamua nani mwongo. Ila ona: kwa mzigo wa mteja, kila kilo ina bei. Kwa mzigo wake mwenyewe, kilo zinabebwa bure.

Tabia hiyo haikufa naye. Leo gharama za bidhaa zetu zinaandikwa hivi: mafuta, lori, depo, taksi. Ule kijana anayesukuma kinga yenye mifuko ya mchele, matope magotini, siku ngapi njiani, anaingia kwenye mstari gani? Barabara ya Kabambare ikiharibika kwa mvua, tunaandika tu kwamba usafiri umepanda. Nguvu zake tunazihesabu kama alivyozihesabu mzee Hamed.

Mkikipata kitabu, anzeni na mahali pa Wazaramo. Kiswahili chake ni cha Unguja, kitawasumbua kurasa za kwanza. Msiogope: njo kile kile kilifika kwetu na misafara, kikageuka Kingwana midomoni mwa waliobeba.