Nani Alibeba Mizigo ya Hydra?

Nilikwenda Hydra kwa sababu ya Leonard Cohen, sifichi. Sisi tunaoandika usiku baada ya kazi za mchana tumeilea ndoto ile: mshairi kijana, mwaka 1960, ananunua nyumba kisiwani kwa dola 1,500, anakaa anaandika, basi. Gari hakuna. Ukishuka boti kutoka Piraeus unapokewa na punda na nyumbu, wamepangwa gatini wanangoja masanduku. Mie niliyekulia Lamu nilicheka peke yangu: kumbe nimelipa nauli yote hii kuja nyumbani!

Nyumba ya Cohen niliiona. Mlango umefungwa, watu wanapiga picha mlango. Haya.

Kilichonizindua ni kitabu nilichokuwa nacho mkobani, Peel Me a Lotus, cha mama wa Kiaustralia, Charmian Clift, kilichotoka mwaka 1959, kabla huyo Cohen hajafika. Wengi hukiweka kwenye rafu ya safari. Wanakosea. Ni daftari la mwenye nyumba. Kinakwenda mwezi kwa mwezi, Februari hadi Oktoba: mimba ya mtoto wa tatu, fedha zinakatika, choo kinasumbua, na wageni wanaojiita wasanii wanakunywa mchana kutwa. Nathari yake ina chumvi, haijionei huruma. Na chini chini inauliza swali ambalo sisi vijana hatulipendi: huo uhuru wa kuandika, analipa nani?

Jibu liko nje ya kitabu. Mumewe, George Johnston, alipokuwa akiandika My Brother Jack pale pale kisiwani, Clift aliweka kazi yake kando amsaidie. Riwaya ilitoka 1964, ikapata tuzo ya Miles Franklin. Clift alijiua mwaka 1969. Tusidanganyane, mlango unaostahili kupigwa picha ni mwingine.

Ila nina ugomvi naye pia. Wenyeji wanapita kurasani mwake kama watu wanaotazamwa kutoka dirishani: wanachekesha, wanashangaza, ni nadra kuwasikia wakikasirika. Aliyejua hesabu za jikoni kwake hakuziuliza sana za jirani.

Siku ya kuondoka, mzee mmoja alilifunga begi langu juu ya nyumbu. Nikamuuliza kama amewahi kumsoma Clift. Akanitajia bei.