Usinakili sensi ya ZywOo, pima meza yako

Juma iliyopita mudogo wangu aliniita mu chumba cha michezo, hapa Bukavu. Alikuwa amelipa saa moja ya kucheza Counter-Strike. «Yaya, kuja uniwekee sensi ya ZywOo.» Nikaandika 2, ile namba ambayo wachezaji wote wanaijua. Dakika tano hazijaisha, mtoto anazunguka kama pia, adui yuko mbele yake na yeye anapiga ukuta. «Hii souris ni mbovu!» Tukajaribu 3.09 ya s1mple. Ikawa mbaya zaidi. Saa ikaisha, na nusu yake tuliimalizia ndani ya menyu.

Kipanya kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa kwetu, na ninaliona kwa vijana wengi: tunanakili namba, tunaacha kipimo chake.

Tuangalie namna mambo yanavyotembea. Kipanya hakijui mchezo. Kinachojua ni kuhesabu hatua ndogo sana kila unapokisogeza, na DPI ndiyo idadi ya hatua hizo kwa kila inchi moja, yaani sentimita 2.54. Mu Counter-Strike, sensi ikiwa 1, kila hatua inageuza macho yako kwa digrii 0.022. Ukiweka 2, inageuza mara mbili. Basi sensi peke yake haisemi kitu. Ni kama kumwambia mwalimu wa fizikia «jibu ni 2» bila kusema mita ao kilo. Utapata zero, na ni haki yako.

Sasa tufanye hesabu. ZywOo amejulikana kwa miaka mingi na DPI 400 na sensi 2. Kuzunguka duara nzima kunamwomba asogeze mkono karibu sentimita 52. Kile kipanya cha chumba cha michezo kilikuwa cha DPI 1000. Kwa sensi 2 ileile, duara nzima inaisha kwa sentimita 21. Mudogo wangu hakuwa anacheza na sensi ya ZywOo. Alikuwa anacheza na kitu chenye kasi mara mbili na nusu! Na ungeandika 2 hiyohiyo mu Valorant, ambako kila hatua inageuza digrii 0.07, duara ingeisha kwa sentimita sita na nusu. Ndiyo maana ukitoka Counter-Strike kwenda Valorant unagawanya sensi yako kwa 3.18.

Hapa lawama ya kwanza ninawapa watengenezaji wa michezo. Menyu inakuonyesha namba tupu, kila mchezo na yake, wakati ingeweza kukuandikia sentimita. Lawama ya pili ni ya Windows. Mu mashini nyingi, kwenye mipangilio ya souris, kuna kisanduku kilichoandikwa «Améliorer la précision du pointeur». Jina ni zuri, lakini kazi yake ni kuongeza mwendo kadiri unavyosogeza haraka. Kwa mchezo wa risasi ni hatari, juu mwendo uleule wa mkono haukupeleki tena mahali palepale. Kitoe alama kabla ya kugusa kitu kingine.

Lawama ya tatu ni yetu sisi. Tunafikiri kuna namba moja ya mabingwa. Lakini s1mple, aliyechukua Major ya Stockholm mwaka 2021 pamoja na Natus Vincere, alijulikana kwa DPI 400 na 3.09, yaani karibu sentimita 34 kwa duara. ZywOo, aliyechukua Major ya Paris mwaka 2023 na Vitality, sentimita 52. Tofauti ni sentimita 18, na wote wawili ni mabingwa. Kama namba ndiyo ingeleta ushindi, mmoja wao angekuwa amekosea.

Wengine watasema: kunakili kunasaidia kuanza. Sikatai. Kunaonyesha kwamba mabingwa wengi wa mchezo huu wanatumia mwendo wa polepole kuliko tunavyofikiri, mkono mzima unafanya kazi, si kifundo peke yake. Lakini ZywOo ana meza pana. Sisi tunakaa bega kwa bega, kiti cha jirani kiko hapa, na nafasi ya kipanya labda ni sentimita 25. Sentimita 52 utazitoa wapi?

Bon, tufanye nini? Chukua rula ya shule. Ndani ya mchezo, lenga alama fulani ukutani. Sogeza kipanya upande mmoja mpaka macho yarudi palepale, kisha pima. Nusu duara, yaani kugeuka kutazama nyuma, inapaswa kuenea mu nafasi yako bila kuinua kipanya. Ukiwa na sentimita 25 za meza, duara ya 40 inakutosha vizuri. Ukiona unapita adui kila mara, punguza sensi kidogo. Ukiona unachelewa kumfikia, ongeza kidogo. Halafu kaa nayo juma mbili, ata ukishindwa leo.

Uzuri wa sentimita ni kwamba zinatembea nawe. Mashini ya kesho itakuwa na kipanya kingine, DPI huijui. Haina shida: weka rula, rekebisha sensi mpaka duara irudi 40, dakika mbili umemaliza.

Mudogo wangu sasa ameandika «38» nyuma ya daftari lake. Bado anapigwa sana, tusidanganyane. Lakini saa yake anaimalizia mu mchezo, na akikosa adui anajua ni mkono wake. Hapo ndipo mtu anaanza kujifunza.

Na wewe unayesoma, duara yako iko na sentimita ngapi? Pima kwanza, ndipo ujibu.