Hawakupaswa Kutoboa

Kila mwaka ukifika mwezi wa Mei, ile picha hurudi kwenye simu zetu: tumbo la MV Bukoba limegeukia juu, watu wamesimama juu yake, na chini ya miguu yao kuna abiria walio hai. Ilikuwa Jumanne, 21 Mei 1996, meli ikitokea Bukoba na Kemondo kwenye Ziwa Viktoria, Mwanza imekaribia. Mmeitazama mara nyingi, kwa hiyo sitasimulia ajali. Nataka tukae kwenye kitendo kimoja tu kilichofuata baada ya meli kupinduka: kutoboa lile tumbo. Lilikuwa kosa, na miaka yote hii sijasikia utetezi unaolibadilisha.

Hebu tupige hesabu, maana hapa hesabu ndiyo shahidi. Meli iliyopinduka haielei kwa sababu ya mbao wala chuma chake. Inaelea kwa hewa iliyonaswa ndani. Pindua kikombe kwenye beseni la maji, utaelewa. Kila mita ya ujazo ya hewa iliyobaki ndani inabeba kama tani moja. Na hewa hiyo haikutulia tu, imebanwa na maji yanayoisukuma kutoka chini. Tuchukulie maji ndani ya meli yako mita 2 chini ya usawa wa ziwa. Toboa tundu lenye upana wa sentimita 10 juu kabisa, pale pale hewa ilipojikusanya, na karibu mita moja ya ujazo itatoka kila sekunde. Maana yake unaondoa tani moja ya ubebaji kila sekunde, na kwa dakika moja ni kama tani sitini. Huwezi kupanua tundu hilo likamtosha mtu kabla ziwa halijakuwahi. Aliyeshika kifaa cha kukatia alikuwa anaizamisha meli kwa mikono yake akidhani anaifungua, na ndivyo ilivyokuwa: hewa ikatoka, meli ikaenda chini na waliokuwa ndani.

Najua jibu linalokuja. Watu walikuwa wanagonga! Ungefanya nini unaposikia binadamu anagonga chuma chini ya kiatu chako? Swali zuri, na ndiyo maana nalijibu kwa hesabu nyingine. Mtu aliyetulia akiwa na mita moja ya ujazo ya hewa ana kama saa tatu kabla pumzi yake mwenyewe haijaichafua hewa hiyo kiasi cha kumlemea. Mita mia kwa watu ishirini ni zaidi ya nusu siku. Anayegonga kwa nguvu anakuambia bado ana hewa. Anakuambia pia mahali alipo, na hiyo ni zawadi kwa mwokoaji anayejua kazi. Haraka iliyokuwapo juu ya lile tumbo ilitoka kwa waliosimama juu, kwa umati na kwa wakubwa waliotaka kuonekana wanafanya jambo. Hili ni donda langu la zamani, wasomaji wanaonifahamu wanisamehe: katika ajali zetu za majini daima kuna kiongozi mbele ya kamera kabla hakujawa na mzamiaji majini.

Kazi ilipaswa kwenda hivi. Kwanza meli ifungwe, kwa nyaya kwenye vyombo vingine au kwa maputo ya kunyanyulia, isizame hata ikipoteza hewa kidogo. Pili, kama ni lazima kutoboa, iwe keekee ya sentimita moja yenye vali, na kompresa iwe tayari upande wa pili. Tundu la sentimita moja hupoteza hewa mara mia pungufu kuliko lile la kumi, na kompresa ya kuvunjia barabara, ile inayotupigia kelele mitaani Lubumbashi, husukuma mita kadhaa za ujazo kwa dakika. Hapo unaingiza zaidi ya inayotoka. Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, wazamiaji wapite chini, waingie kwa milango, wakiwa na barakoa za ziada. Walionaswa walikuwa mita chache tu chini ya usawa wa ziwa. Kwa kina hicho huna haja ya kuwaza damu kujaa mapovu wakati wa kupanda, ilimradi mtu asibane pumzi. Ni giza, vitu vinavyoelea na hofu, basi.

Wanaotetea tundu hunitajia Pearl Harbor. Haya, twende. Desemba 1941 manowari USS Oklahoma ilipinduka kwa torpido za Wajapani, na mfanyakazi wa karakana, Julio DeCastro, akaongoza kikosi kilichokata tumbo lake na kutoa mabaharia 32 wakiwa hai. Kweli kabisa. Lakini Oklahoma ilipinduka mpaka milingoti ikagusa tope, ikakaa. Haikuwa na mahali pa kuzama zaidi. Na hata hapo, hewa ilipoanza kutoka maji yalipanda vyumbani, na mafundi wakakimbizana nayo chumba kwa chumba. DeCastro alikata chombo kilichokwisha kufika chini. Pale ziwani walikata chombo kinachoelea, chini yake kuna mita nyingi za maji. Anayefananisha mambo haya mawili ameangalia chuma akasahau maji.

Mimi shujaa wangu ni mwingine. Desemba 1927 nyambizi ya Marekani S-4 iligongwa na meli ikazama karibu na Provincetown. Wazamiaji walifika, wakasikia watu sita wakigonga kutoka ndani, na hawakuweza kuwatoa hata mmoja. Jeshi la majini la Marekani halikuishia kwenye hotuba. Charles Momsen na wenzake walikaa miaka wakijaribu vifaa, wakajenga chumba cha uokoaji kinachoteremshwa na kukazwa juu ya mlango wa nyambizi. Tarehe 23 Mei 1939 nyambizi nyingine, Squalus, ilipozama hadi mita 74, chumba kile kilishuka mara nne kikapandisha watu 33. Kati ya kugonga kwa S-4 na kupona kwa Squalus kuna miaka isiyofika 12. Sisi kati ya Bukoba na leo tuna miaka mingapi?

Na kwetu uamuzi halisi, wa wazamiaji gani tuwafundishe, ulifanyika miaka mingi kabla ya 1996. Pwani yetu ya Afrika Mashariki haikosi wazamiaji. Nenda Mnemba, nenda Kisite, utapata vijana wanaojua kila jiwe la tumbawe na kila kasa, maji maangavu, mwanga tele, mtalii akitaka kupanda anapanda tu moja kwa moja juu. Ni kazi ya heshima na inalisha watu. Lakini kuingia ndani ya meli ni fani nyingine kabisa, kwa sababu juu yako hakuna anga, kuna chuma. Sheck Exley, Mmarekani aliyezamia mapango, aliandika kanuni zake mwaka 1979 baada ya kuchunguza vifo vya wenzake: kamba isiyokatika mpaka mahali pa kutokea, theluthi moja ya hewa ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya dharura, na taa zaidi ya moja. Waliozoea tumbawe peke yake hawana sababu ya kujifunza hata moja ya hizo. Tumezalisha wazamiaji wa sehemu rahisi kwa sababu ndiko kwenye mgeni anayelipa. Siku meli ilipopinduka, waliokuwa karibu walikuwa na kifaa cha kukatia, na wazamiaji wa Afrika Kusini waliitwa baadaye kuopoa miili.

Lawama yangu haiwahusu wote: waliovuta manusura zaidi ya mia moja kutoka majini walifanya kazi safi, na haina haja ya uchambuzi.

Tena mfano wa kinyume, wa kutotoboa, upo kwenye ziwa lile lile. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Uokoaji ulisimamishwa usiku wa kwanza, jambo ambalo nalo linanikera, lakini tumbo halikutobolewa ovyo, na baada ya siku mbili mhandisi wa kivuko akapatikana hai kwenye hewa iliyobaki ndani. Mpishi wa Nigeria, Harrison Okene, alikaa kama saa 60 ndani ya tagi Jascon-4 mwaka 2013, kina cha mita 30, mpaka wazamiaji wa sekta ya mafuta walipoingia wakitafuta maiti. Wote wawili waliokolewa na hewa ambayo hakuna aliyeigusa.

Msiniambie haya ni mambo ya Mwanza. Tarehe 3 Oktoba 2024 wote mliona video ya boti Merdi ikilala upande mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakidondoka majini. Ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu, na hata hapo hakukuwa na kikosi cha kuingia ndani. Hapa kwetu boti za Kilwa na Pweto zinajazwa kwenye Ziwa Moero kwa namna ile ile, na Kalemie ni hivyo hivyo. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una mafundi wa migodi wanaojua kompresa, vali na maji yanayopanda kuliko jeshi lolote la majini. Kipushi ilifurika 2011 pampu zilipokufa, na waliorudi kuikausha wako miongoni mwetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali za mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ni dogo: wapelekeni vijana wachache wakafundishwe kuingia ndani ya meli, si kuangalia samaki. Wekeni kompresa moja na maputo ya kunyanyulia Pweto, na vingine Kalemie. Na kwenye kila ofisi ya bandari bandikeni agizo kwa herufi kubwa kwamba chombo kilichopinduka kikiwa bado kinaelea hakitobolewi na mtu yeyote, hata akipiga simu gavana.