Majina Ndani ya Wimbo

Nyimbo hizi nilizinunua Katoro, mkoani Geita, katika kibanda cha kijana anayejaza muziki kwenye simu za watu.

"Shikamoo, mzee. Za zamani au zilizotoka juzi?"

"Marahaba. Zilizotoka juzi."

Nikarudi nazo Shinyanga ndani ya memori kadi, nikazisikiliza siku tatu.

Wako waimbaji wa Kisukuma wenye majina makubwa, kama Nelemi Mbasando, wanaotazamwa na wengi kwenye intaneti. Mimi niliwataka wale wadogo, wanaojirekodia wenyewe bila kampuni. Mtu wa namna hiyo hutafuta mwenye fedha, na mwenye fedha akishatoa, hapana budi atajwe: yeye, baba yake, kijiji chake, ng'ombe wake, duara lake la dhahabu. Wimbo hufika dakika kumi, na msomaji aniwie radhi, nusu yake ni majina. Sauti ni nzuri na gitaa linatambaa vizuri. Ngoma, ole wetu, ni ya kompyuta, ile ile tangu wimbo wa kwanza, ikigonga kama karasha la kusagia mawe.

Usukumani wimbo ulikomaa katika mashindano. Tangu karne ya 19, Bagalu, wafuasi wa Gumha, na Bagika, wafuasi wa Ngika, hucheza siku moja katika uwanja mmoja, na watazamaji huamua kwa miguu yao: wanakojazana ndiko kwenye ushindi. Hata leo jambo hilo huonekana Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Asiyejua kumchokoza mpinzani kwa maneno huachwa akiliimbia vumbi. Huyu wa kwenye memori kadi atakimbiwa na nani? Amekwisha kulipwa. Ndiyo maana sifa zake ni ndefu na hazina meno.

Hayo nilikuwa nimekwisha kuyaandika ulipofika wimbo wa saba. Katikati ya orodha likatajwa jina la mdogo wangu. Alichimba Nyarugusu miaka mingi. Mwaka mmoja duara lake lilitema, nasi nyumbani tukauliza fedha zimekwenda wapi, tukamwita mpotevu. Masika yaliyopita kifusi kilimfukia.

Nimeurudia wimbo huo mara nyingi. Bado nasema ngoma yake ni mbovu, na beti mbili za mwisho zingefaa kufutwa. Lakini baada ya jina la mdogo wangu linafuata la mama yetu, na hapo mwimbaji anapunguza sauti, analitamka polepole kama mtu anayebisha hodi usiku. Sidhani kama hilo lililipiwa.

Jumapili nitampelekea mama redio yenye tundu la memori kadi. Nyimbo sita za mwanzo nitaziruka.